Mtambo wa Sakitu Wazinduliwa Bondeni kwa Lukresia

(Hotuba ya Profesa Mhandisi Alois Mwalongo, Naibu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Nyanda Baridi anayeshughulikia Utafiti, Ubunifu na Uhawilishaji wa Teknolojia, aliyoitoa Mahongole, Makambako, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Mei. Imeandikwa neno kwa neno na mimi, Emerensiana, katibu wa mkutano wa mtaa. Yaliyomo kwenye mabano nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake ametuma mwakilishi, na mwakilishi huyo nimearifiwa yuko njiani, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Ndugu Anselmi, Waheshimiwa Wajumbe wa Serikali ya Mtaa, Waheshimiwa Wachungaji, Mapadri na Mashehe wa Makambako, Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Wakuu wa Vitengo vilivyo chini ya Idara, na Makaimu wa wale wote ambao wangefika kama wangefika, Ndugu Luqmani, mfanyabiashara mashuhuri wa viazi, aliyetuletea viti kwa lori lake bila kuombwa mara ya pili, Ndugu Mudy, mtaalamu wa vipaza sauti, Wazee wetu, Wakulima wa mabondeni, Wanahabari kama mpo, Mabibi na Mabwana. Wapo viongozi wanaosimama mahali kama hapa wakasema itifaki imezingatiwa, kisha wakaendelea na mambo yao. Mimi sikukaa darasani miaka ishirini na sita ili nije niiruke itifaki. Nawasalimu kwa salamu ya hapa: Kamwene.

(Watu: Kamwene. Spika moja tu ndiyo inasikika. Waliokaa upande wa mto hawajui kama hotuba imeanza.)

Nawashukuru kwa mapokezi hayo makubwa, nyamaza kidogo wapige makofi.

(Hawapigi, maana hawakujua kama ni wao wanaoambiwa. Profesa anatazama karatasi, anatutazama sisi, anaendelea.)

Ndugu wananchi, wanyalukolo, yaani ndugu zangu wa kwetu, kabla sijazama katika kina cha mada yenyewe naomba niweke msingi wa kimkabala. Mimi ni mtu wa maandishi. Katika utumishi wangu wote, tangu nikiwa mhadhiri msaidizi hadi kufikia ngazi hii ambayo wengi huiota na wachache huiona, sijawahi kuruka neno hata moja lililoandikwa katika hotuba yangu, kwa kuwa hotuba iliyoandikwa ni waraka, na waraka haudonolewi kama kuku anavyodonoa mahindi. Wala siisomi kabla. Kiongozi anayesoma hotuba yake mara mbili anakuwa amepoteza nusu ya siku ya taifa. Hotuba hii imeandaliwa na mtafiti wetu msaidizi, Bi Jenifer, mnayemwona pale mwisho wa meza ya mbele, binti hodari ambaye ndiye aliyekuwa akija huku bondeni kwa niaba ya Chuo kwa miaka yote mitatu. Nami nitaifurahia hapa pamoja nanyi, ukurasa kwa ukurasa.

(Makofi. Ni ya Jenifer. Wakulima wanamfahamu, anakula kwao.)

Sasa basi. Tumekusanyika katika bonde hili lenye rutuba kuzindua rasmi, kisayansi na kihandisi, Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Tahadhari ya Sakitu Mabondeni, ambao kwa kifupi, na ili uingie vizuri katika ndimi za wananchi wa kawaida, tumeuita MJUKITASAMA. Naomba wote tuseme kwa pamoja.

(Watu wanajaribu. Mzee mmoja anafika katikati, anaacha, anaomba maji.)

Sakitu, kwa wale wasiofahamu, ni ule ukungu wa barafu ambao ninyi huku mnauita barafu tu, unaoanguka alfajiri za Juni, Julai na Agosti juu ya majani ya viazi na kuyageuza meusi kabla mwenye shamba hajamaliza kufunga kamba za viatu. Nimesoma katika andiko letu kwamba mkulima anayelima kinyungu, yaani bustani ya bondeni kama hii, akipewa taarifa saa moja tu kabla jua halijachomoza, anaweza kuwasha maranda mabichi ya mbao pembeni mwa shamba, moshi ukatanda juu ya viazi kama blanketi, na mazao yakapona. Chuo chetu kikajiuliza swali la msingi: nani atampa mkulima huyu taarifa? Na Chuo kikajijibu, katika warsha ya siku nne iliyofanyika mahali penye utulivu wa kutosha kufikiri: mtambo.

(Sauti kutoka nyuma: Mtambo uko wapi? Mwenyekiti Anselmi anainua mkono kumtuliza. Mtambo, tunaambiwa, ndio ule uliofunikwa kitambaa cha bluu pale pembeni ya jukwaa. Ni mrefu, mwembamba, na una miguu mitatu.)

Naona shauku. Shauku ni kiashiria cha umiliki wa mradi na jamii. Nitaufikia mtambo kwa mujibu wa mpangilio wa kurasa.

(Mwenyekiti Anselmi anampelekea Profesa kikaratasi. Profesa anakipokea kwa mikono miwili na, kama alivyotuambia, anakisoma chote.)

Mheshimiwa Profesa, Mama Lukresia, mwenye kinyungu hiki, anauliza mambo mawili. Kwanza, je, mtambo utaanza kazi leo? Pili, kama hautaanza leo, je, anaweza kurudishiwa kinyungu chake apande, kwa sababu mbegu zake zimeota ghalani, chipukizi zimekuwa ndefu kama vidole, na zikikaa wiki moja zaidi zitanyauka kama zilivyonyauka mwaka juzi na mwaka jana zikaliwa na nguruwe. Mama huyu hajavuna viangazi vitatu. Naomba umjibu, watu wameanza kunisema vibaya. Wako mtiifu, Anselmi.

(Lukresia amekaa safu ya tatu, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka kazini. Nyuma yake, kwenye tuta la njia, yamewekwa magunia sita ya mbegu. Hakuna aliyemwambia ayalete. Nami niseme wazi, siku hiyo nilikuwa upande wake.)

Swali zuri sana. Ni swali mtambuka, na maswali mtambuka hujibiwa mwishoni. Ila kwa faida ya wageni naomba nitoe historia fupi. Mama Lukresia ni mwananchi wa mfano. Miaka mitatu iliyopita, wataalamu wetu walipotembea mabonde yote kutoka hapa hadi Kifanya wakitafuta eneo wakilishi, ni yeye aliyesema, nanukuu, kama ni kwa faida ya wote, wekeni. Chuo kikaweka utepe wa njano kuzunguka kinyungu chote, kikaweka na kibao, na kikampa maelekezo ya kitaalamu kwamba asipande kitu chochote ndani ya utepe huo, ili majani ya viazi yasije yakavuruga hewa ya mtambo kabla mtambo haujafika. Mama huyu akatii. Angekuwa mwingine angeng'oa utepe wiki ya pili. Hebu tumpigie makofi ya kilo.

(Makofi mengi. Lukresia hapigi wala hatabasamu. Anatazama magunia.)

Sasa niingie kwenye takwimu, kwa maana hotuba isiyo na takwimu ni maongezi ya kilabuni. Katika viangazi vitatu, MJUKITASAMA imefuatilia alfajiri mia mbili sabini na sita bila kuruka. Katika alfajiri hizo sakitu ilianguka mara thelathini na moja. Mfumo ulitoa tahadhari sahihi mara ishirini na tisa, sawa na asilimia tisini na tatu nukta tano, kiwango ambacho, nimeambiwa na watu waliosafiri, hata nchi zenye theluji yao wenyewe hazijakifikia. Wakulima arobaini na wawili wa bonde hili wameokoa viazi vyao. Ndugu Luqmani shahidi, yeye ndiye aliyevinunua.

(Luqmani anasimama, anasema kweli amepakia hapa, viazi vilikuwa safi. Anaketi. Anasimama tena kuongeza kwamba hajawahi kuona mtambo, yeye ameona viazi tu. Anaketi.)

Ahsante kwa ushuhuda huo wenye uwiano. Na katika uwazi wa kisayansi, ripoti haifichi zile mara mbili ambazo mfumo ulishindwa kutoa tahadhari. Ukurasa wa nne unaeleza kama ifuatavyo. Mara ya kwanza, mfumo ulikuwa umesafiri kwenda Tandala kumuuguza dada yake hospitalini. Mara ya pili, mfumo ulipata joto kupita kiasi, ukalazwa siku mbili, ukapewa vidonge na uji, ukarejea kazini siku ya tatu.

(Kicheko kinaanzia kwa akina mama, kinatambaa hadi kwa wazee. Profesa anangoja kiishe. Anaonekana amependezwa.)

Naam, chekeni, sayansi si lazima iwe kavu. Hizi ni lugha za kitaalamu za uhandisi wa mitambo, joto kupita kiasi ni jambo la kawaida kabisa kwa kifaa chochote kinachofanya kazi bila kupumzika. Kuhusu safari ya Tandala, nadhani hapo panazungumziwa uhamishikaji wa kifaa, yaani mfumo unabebeka. Kwa hiyo hata kushindwa kwake kunathibitisha sifa zake.

(Mudy, mwenye vipaza sauti, amekuwa akizunguka nyuma ya jukwaa anatafuta kitu tangu asubuhi. Anamuuliza Mwenyekiti kwa ishara. Mwenyekiti hajui.)

Niwaeleze sasa sifa za kipekee za teknolojia hii, ili wale wanaopenda kusema Chuo hakifanyi kitu wakose la kusema. Kwanza, MJUKITASAMA haitumii umeme. Pili, haitumii betri wala jua. Umeme ukikatika Makambako nzima, na mnajua hukatika, mfumo unaendelea. Tatu, mawasiliano yake ni ya gharama nafuu kuliko mfumo wowote katika ukanda huu, kwa kuwa unatumia itifaki ya kubipu. Mfumo ukibipu mara moja, mkulima anajua atoke nje atazame. Ukibipu mara mbili, awashe maranda bila kuuliza. Ukipiga kabisa hadi ukapokelewa, basi ujue umemkuta amelala na unamtukana.

(Kicheko kikubwa. Jirani mmoja wa Lukresia anainama, anajipigapiga goti. Anasema, mimi nimetukanwa mara mbili, na mara zote viazi vilipona.)

Huo ndio mrejesho wa mtumiaji tunaoutaka. Nne, mfumo una akili bandia ya hali ya juu sana, kiasi kwamba unawajua wakulima kwa majina, unajua nani amelewa ulanzi jana yake na hatasikia simu, na nyumba hizo unazifuata kwa miguu na kugonga dirisha.

(Profesa anasita. Anakisoma kifungu hicho tena kimyakimya, midomo ikitembea. Anamtazama Jenifer. Jenifer anaandika kitu kwenye daftari lake na hainui kichwa. Ningekuwa mimi ningesimama hapo hapo. Lakini mtu aliyesema mbele ya watu mia mbili kwamba haruki neno, ataruka vipi?)

Kwa miguu. Ndiyo. Dunia inakwenda kasi, ndugu zangu. Kuna mahali roboti zinapeleka chakula majumbani. Tusishangae.

Naomba niseme maneno machache kuhusu uongozi wangu, si kwa kujisifu, bali kwa sababu yameandikwa. Nilipoingia ofisini nilikuta idara ya utafiti ina kabati moja na funguo zake zimepotea. Leo tunavyozungumza idara ina makabati sita. Nilikuta tafiti zinachukua miaka minane, zimejaa majaribio, vumbi, na wanafunzi wenye vidole vilivyoungua. Nikaanzisha mageuzi. Nikasema, utafiti wa kisasa una hatua tano. Hatua ya kwanza ni wazo. Ya pili ni andiko. Ya tatu ni warsha. Ya nne ni uzinduzi. Hatua ya tano ni kutengeneza kitu chenyewe, na hii, kwa hekima, tumeiweka katika awamu ya pili, ambayo andiko lake linaandikwa.

(Minong'ono. Mwenyekiti Anselmi anavua kofia, anaitazama ndani yake, anaivaa.)

Wapo watakaosema, Profesa, basi leo tunazindua nini? Huo ni mtazamo finyu. Mtoto hupewa jina kabla hajatembea. Sisi tumempa jina, tumempa wimbo, tumempa fulana zenye nembo, na leo tunamtoa nje. Kuhusu kile kilichoko chini ya kitambaa kile cha bluu, nimepewa picha yake ofisini, ni picha nzuri sana, na msimamizi wa maadhimisho alinihakikishia jana kwa simu kwamba atahakikisha kunakuwa na kitu cha kufunika. Mimi kama kiongozi siingilii kazi za watu wa chini.

(Lukresia anasimama. Hakupewa nafasi, amesimama tu. Anasema: Profesa, shikamoo. Mimi sina maneno mengi. Mmenifungia kinyungu miaka mitatu. Wenzangu wote wanalima, mimi nanunua viazi gengeni kama mtu wa mjini, na kinyungu ni cha kwangu. Nimekuja na mbegu zangu. Nataka nisikie moja, ndiyo au hapana, nikapande au nikawape nguruwe.)

Marahaba, mama, marahaba. Nimekusikia na nimeguswa, na kuguswa kwangu kutaingia kwenye kumbukumbu. Ila huwezi kumkata Profesa katikati ya ukurasa wa saba. Ardhi hii kwa sasa ni eneo la utafiti, na eneo la utafiti haliachiliwi kwa hisia, linaachiliwa kwa tamko rasmi la Chuo mbele ya serikali ya mtaa, kwa maandishi na muhuri. Mimi peke yangu, kwa cheo changu, ndiye mwenye mamlaka ya kutoa tamko hilo, na kwa kweli sioni likitoka leo, kwa sababu awamu ya pili bado itahitaji eneo. Utepe utabaki. Vumilia. Subira huvuta heri.

(Lukresia: Subira yangu imeshavuta nguruwe. Anaketi. Watu hawacheki tena. Mama mmoja anamshika bega.)

Tuendelee kwa amani. Nafikia tamati, na kwa desturi naomba tuamshe ari kwa kaulimbiu. Mimi nikisema MJUKITASAMA, ninyi mnasema, jua huchelewa, data haichelewi. MJUKITASAMA.

(Watu wachache: Data haichelewi. Wengine wanasema jua. Mzee wa maji anasema amina.)

Utafiti kwa bonde, bonde kwa utafiti. Teknolojia hoyee.

(Hoyee. Ni ya watoto wa shule waliopita njiani.)

Sasa ni wakati wa shukrani, ukurasa wa mwisho, ambao kwa heshima ya wote wanaotajwa nitausoma taratibu na bila kukatizwa, kwa kuwa naona Bi Jenifer ameuandika kwa sentensi ndefu ya kitaaluma, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Mwenyekiti, naomba utulivu.

(Mwenyekiti anasimama, anatuliza watu. Jenifer amefunga daftari. Amekaa wima, mikono magotini.)

Kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Nyanda Baridi, na kwa niaba yangu mwenyewe, napenda kutoa shukrani za dhati kwa mzabuni wa mtambo, ambaye ingawa hakuleta mtambo, alileta kwa wakati nyaraka zote zinazouhusu; kwa kamati ya ukaguzi, iliyozikagua nyaraka hizo na kuzikuta ziko katika hali nzuri; na kwa mtafiti msaidizi, ambaye kwa viangazi vitatu alipiga simu kila alfajiri kuuliza hali ya bonde, akaandika alichoambiwa, akakipeleka ofisini, na akakuta kimepewa jina la kidijitali; na kwa kuwa, kwa mujibu wa kumbukumbu zote za Chuo, hakuna kihisi kilichonunuliwa, wala mnara uliosimikwa, wala waya uliotandazwa katika kinyungu hiki tangu siku kilipozungushiwa utepe hadi leo hii ninaposimama hapa mbele yenu;

(Profesa anapunguza mwendo. Jasho limetoka, na Makambako kuna baridi. Anatafuta nukta kwa macho. Hakuna nukta. Kuna nukta mkato.)

na kwa kuwa tahadhari zote ishirini na tisa nilizozitaja kwa fahari katika ukurasa wa nne zilitoka kwa Mama Lukresia, aliyekuwa akiacha beseni la maji nje kila jioni, akiamka saa kumi na moja alfajiri na kulitazama, na akiona maji yameota ngozi ya barafu anawabipu majirani zake arobaini na wawili mmoja baada ya mwingine, huku yeye mwenyewe hana kiazi hata kimoja cha kuokoa, kwa sababu Chuo kilimkataza kupanda; na kwa kuwa majirani wamevuna viangazi vitatu kwa mgongo wake; hivyo basi mimi, Profesa Mhandisi Alois Mwalongo, kwa mamlaka ya cheo changu, mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa na mashahidi wote hawa, natamka rasmi kwamba mradi huu haujawahi kuwapo, kwamba Chuo hakina kitu cha kulinda ndani ya utepe ule, na kwamba kuanzia dakika hii ninamrudishia Mama Lukresia kinyungu chake chote, na ninamwomba radhi.

(Vigelegele. Mwenyekiti Anselmi tayari ametoa muhuri mfukoni. Huwa hatembei bila muhuri, kwa sababu watu wa mtaa wetu humkamata popote. Ananinyang'anya ukurasa huu huu ninaoandika, anaupulizia muhuri kwa pumzi, anaugonga juu ya neno radhi. Kwa hiyo wino uliochafuka hapo si wa kwangu.)

Ndugu Mwenyekiti, naomba. Naomba kufuta sentensi ya mwisho.

(Mwenyekiti: Sentensi ilikuwa moja tu, Profesa. Na umeitamka mwenyewe kwa kipaza sauti, mbele ya serikali ya mtaa, kama ulivyotueleza sheria inavyotaka. Maandishi haya hapa. Muhuri huu hapa.)

Naomba basi iingie kwamba ilikuwa ni rasimu. Kwamba nilikuwa nasoma tu.

(Lukresia hangoji hilo liamuliwe. Amekwisha kushuka kwenye tuta. Anaushika utepe wa njano, anauvuta, unakatika kirahisi mno kwa kitu kilichomzuia miaka mitatu. Analia kidogo, anajifuta kwa kanga, anaita majembe. Wale arobaini na wawili wote wanashuka; hakuna aliyebaki kitini, hata yule aliyetukanwa mara mbili. Luqmani amekunja suruali na amebeba gunia la kwanza begani mwake mwenyewe.)

Ndugu wananchi, bado tupo kwenye ratiba. Ndugu wananchi. Kuna chakula baadaye.

(Mudy anapanda jukwaani kwa adabu. Anasema: Samahani, Profesa, nimeiona. Anaondoa kitambaa cha bluu, anaikunja miguu mitatu iliyokuwa chini yake, anaiweka kwapani. Ilikuwa stendi ya spika yake ya pili.)

Bi Jenifer. Ukurasa unaofuata uko wapi?

(Jenifer amevua viatu, anashuka nao mkononi. Anageuka: Hakuna unaofuata, Profesa. Umeishia hapo.)

Ahsanteni. Ahsanteni kwa. Kwa kunisikiliza.

(Anaigeuza karatasi. Nyuma ni nyeupe. Anabaki amesimama juu ya zulia jekundu, ambalo watu wa maadhimisho walilitandika palepale kwenye njia ya kuingilia kinyungu. Kutoka chini Lukresia anaita, bila hasira, jinsi mtu anavyomwita mgeni aliyesimama mlangoni: Profesa, kama umemaliza, tupishe kidogo hapo njiani. Tunapitisha mbegu.)